Fundo Ndani ya Sufuria

Asubuhi ile Kaumba alipokufa, Muteba alikula chakula chake.

Mwili ulikuwa umetolewa mapema, umeviringishwa katika blanketi. Sufuria ya mama wa Kaumba ilifika saa zake za kawaida, ugali wa bukari na kisamvu, ile sombe, bado vya moto, na askari wa mlango wa gereza akaita kama kila siku: "Kaumba!" Hakuna aliyeitika. Muteba alikuwa na njaa ya siku nyingi. Akainua mkono.

Askari huyo, Lumbala, alimjua Kaumba vizuri, maana hakuna sufuria iliyopita mlangoni pake bila yeye kuchota kwanza. Alimtazama Muteba, akaitazama sufuria.

"Mama yake asijue," alisema. "Akijua, minyi na weye tutakula nini?"

Katika gereza lile mwenye ndugu mjini alikula, asiye na ndugu alitazama wenzake wakila. Kaumba alikuwa kijana wa hapa hapa Kamina, mtoto wa marehemu fundi wa reli, aliyefungwa kwa kung'oa bolti za reli na kuwauzia wanunuzi wa vyuma. Muteba alitoka mbali, Kinkondja, ziwani, alikoiba nyavu za mjomba wake. Waliwafunga ili wajifunze. Basi Kaumba alijifunza kuhara damu mpaka akafa, na Muteba akajifunza kuitikia jina la maiti. Kama kuna mwizi aliyeogopa kwa hayo, mimi sijamwona.

Alikula huku analia. Alipomaliza, aliiosha sufuria, kisha akasita. Kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mama yake angemchapa. Tena hakutaka mama wa Kaumba ashuku lolote. Akachomoa uzi katika gunia alilolalia, akafunga fundo dogo la wavu, lile ambalo kila mtoto wa ziwani analijua kabla hajajua kusoma. Akalitia ndani, akafunika.

Kesho yake sufuria ilirudi imejaa.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Muteba ilipita masika yote. Kila siku alikula, kila siku alirudisha fundo. Baada ya muda bukari ilianza kuja na samaki wakavu wa Kinkondja, ambao Kaumba hakuwahi kuletewa hata mara moja, kwa sababu alisema harufu yao inamtapisha. Muteba alidhani labda wameshuka bei sokoni.

"Ule mama anazeeka," Lumbala alimwambia siku moja, akijifuta mafuta ya samaki mdomoni. "Mbele alikuwa anauliza: mutoto yangu iko namna gani? Sasa anauliza tu: amekula?"

Maneno hayo yalimchoma Muteba. Aliona mama mzima anapumbazwa, na mpumbazaji ni yeye. Alianza kuiogopa siku ya kutoka kuliko alivyowahi kuogopa siku ya kuingia. Angeweza kushika njia ya Bukama moja kwa moja, na huko apate mtumbwi wa kumfikisha kwao. Lakini mama yule angeendelea kumpikia maiti, na Lumbala angetafuta mwingine wa kuinua mkono. Hilo moyo wake ulilikataa.

Siku alipofunguliwa, alitoka na sufuria mkononi na fundo lake ndani. Akauliza nyumba ya mama wa Kaumba, Mama Lucienne, akaonyeshwa, ng'ambo ya reli.

Alimkuta uani akitwanga sombe. Mama yule aliitazama sufuria kwanza, ndipo akamtazama usoni. Hakuuliza jina.

"Karibu, mwana. Ikala."

Akamsogezea kigoda, akamwekea bukari na samaki. Muteba hakugusa. Yale maneno aliyoyapanga njiani yote yalipotea. Akapiga magoti.

"Mama, Kaumba alikufa. Zamani, mbele ya mvua. Minyi njo nilikuwa nakula chakula yake. Unisamehe, mama."

Alisubiri kofi. Alisubiri ukelele. Mama Lucienne alifunua sufuria, akalitoa lile fundo, akaenda kulitia katika kopo la maziwa ya unga lililokuwa nyuma ya mlango. Kopo lilikuwa limejaa mafundo, hata ikambidi alishindilie la mwisho kwa kidole.

"Kaumba nilimupenda sana," alisema polepole. "Lakini adabu, hapana. Sufuria alikuwa anairudishaka tupu, hata kuosha haoshi. Nilimugombeza mpaka nikachoka. Siku ile ilirudi safi, na fundo ya wavu ndani. Mu nyumba ya reli, nani anajua fundo ya wavu?"

Muteba alishindwa kuinua uso. "Na ukaendelea kupika, mama?"

"Kama ningelia, bantu bangesikia. Sufuria haingepita tena pa ule mulango. Weye ungekula nini?"

Alikifungua kitambaa cha kichwani, akakiacha kianguke, akaketi chini mavumbini, miguu ameinyoosha.

"Kula, mwana. Sasa umetoka. Uniache nimulilie wangu."