Nipime Mimi

Fundi wa majeneza alipouliza urefu wa marehemu, binti aligundua kwamba haujui. Marehemu, mama yake, alikuwa fundi cherehani, amewapima nusu ya watu wa mji, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyempima.

Aliwapimia humuhumu, chumba hiki kilipokuwa chake cha kushonea. Baadaye jengo liliuzwa, chumba kikawa baa, baa ikafa, akaja kinyozi, na sasa ni karakana ya majeneza, mbao tupu. Misumari ya kutundikia magauni ilikuwa bado ukutani, imepakwa rangi juu kwa juu. Binti aliitazama, akangoja uchungu uje. Haukuja.

“Kisia tu, dada,” fundi alisema. “Likitoka fupi, aibu ni yangu.”

“Tulikuwa tunaazimana nguo. Hata viatu. Nipime mimi.”

Fundi alisita, akageukia mlangoni kana kwamba kuna mtu wa kumwomba ruhusa. Kisha akapangusa vumbi la mbao kwenye utepe wake wa kupimia.

Binti alivua viatu, akasimama wima katikati ya chumba, akanyoosha mikono pembeni.

“Shusha mikono, dada,” fundi alisema taratibu. “Nahitaji urefu na mabega tu.”