Mkono Juu ya Leva

"Polepole, mzee," Wandera alimwambia msimamizi, mkono wake ukiwa kwenye leva iliyosukuma biti, ile ncha ya chuma ya mtambo wa kuchimba kisima, ndani ya ardhi. "Mwamba umekuwa mgumu. Tukizidisha msukumo, biti itaungua."

Msimamizi alicheka. "Ati itaungua? Unachimba ama unabembeleza mtoto?" Akaweka kiganja chake kizito juu ya mkono wa Wandera, akakandamiza leva hadi mwisho.

Mtambo ulitetemeka. Maji ya kupoza biti yaliacha kurudi juu, na harufu ya chuma kilichoungua ikatanda.

Mwenye mtambo alikuja mbio kutoka barabara ya Naro Moru. Asubuhi hiyo alikuwa ameapa kumfukuza atakayeunguza biti nyingine.

Msimamizi aliinua kiganja, akakipangusa kwenye suruali. Mkono wa Wandera, uliokufa ganzi, ulibaki palepale.

"Ni nani alikuwa ameshika leva?" mwenye mtambo aliuliza.

"Si unajionea, bosi," msimamizi alijibu.