Kidevu cha Balqis

Tangu baada ya sala ya adhuhuri, Balqis hakuwa na mikono.

Alikuwa nayo, kwa maana ya kwamba ilikuwa bado imeungana na mabega. Lakini ilikuwa imejaa maua ya hina mbichi mpaka kwenye viwiko, imelazwa juu ya mito miwili, na amri ilikuwa imeshatolewa: asiguse, asijikune, asifukuze hata nzi. Miguu nayo vivyo hivyo. Kesho ilikuwa harusi ya binamu yake Mazoon, na nyumba nzima pale Ghubra, Maskati, ilinuka hina na mafuta ya karafuu.

Mama yake, Bi Mahbuba, alingoja mpaka ua la mwisho likamilike. Kisha akafunga mlango, akaburura kiti, akaketi mbele ya mlango huo na kutoa picha mbili.

"Chagua."

"Leo, mama?"

"Leo. Mama zao wote wawili watakuja harusini kesho, na mie lazima nijue nani nimkumbatie na nani nimpe mkono tu. Usipochagua, nnachagua mwenyewe."

Balqis aliutazama mlango. Akaitazama miguu yake. Mpaka hina ikauke, njia pekee ya kuikimbia ndoa ilikuwa kubingirika, na zulia lilikuwa jipya.

Ifahamike kwamba binti huyu hakuwa mtu wa kubabaishwa na picha. Picha ndizo zilizompa mshahara. Katika maabara ya chuo alikofanya kazi, aliwaonyesha watu nyuso mbili, nao wakachagua uso uliowapendeza zaidi. Kisha, kwa ufundi wa vidole, aliwapa picha ya yule waliyemkataa na kuwauliza: kwa nini umemchagua huyu? Wengi hawakushtuka. Walieleza. Waliisifu pua ambayo punde tu walikuwa wameikataa. Majuzi aliwahadithia watu wa nyumbani mambo hayo wakati wa chakula, akacheka mpaka akapaliwa.

"Hata waliosoma?" mama yake aliuliza, akichambua miba ya samaki.

"Hao ndio wanaoeleza vizuri zaidi."

Sasa vidole hivyo vyenye ufundi vilikuwa vimelala kwenye mto kama mishikaki. Laiti angekuwa navyo, angemchezea mama yake mchezo ule ule na kumaliza jambo kwa amani.

"Yupi nani?"

"Majina sisemi. Nikisema utadai nimekuvuta."

Jina moja Balqis alilijua. Maan, mtoto wa shoga yake mama, ambaye alipelekwa ng'ambo tangu mdogo na ambaye Bi Mahbuba alikuwa ameshamwoza moyoni miaka mingi. Balqis alikuwa ameapa kuolewa na mtu yeyote aliye hai, ilimradi asiwe chaguo la mama yake. Shida ni kwamba wanaume wale walifanana kama waliotoka tumbo moja: kanzu nyeupe, kofia ya darizi, ndevu zilizonyolewa kwa rula. Wa kushoto alifumba mdomo kama anayengoja matokeo ya mtihani. Wa kulia, pembe moja ya mdomo ilipanda kidogo.

Alimpeleleza mama yake usoni. Bi Mahbuba alikuwa akiitazama feni.

"Huyo," alisema Balqis mwishowe, akinyoosha kidevu upande wa kushoto.

Mlango ukagongwa. Mwanamize, mdogo wake Bi Mahbuba, ndiye aliyepaka hina ile, na sasa alikuja na sinia ya halua na kikombe cha chai chenye mrija. Bi Mahbuba alizitia picha zote mbili kifuani, akampisha, akamlisha binti yake halua kwa kijiko kama kifaranga.

"Ushachagua, khaloo?" Mwanamize aliuliza; khala na mpwa wake waliitana hivyo hivyo.

"Nimechagua."

"Kwa mkono gani?"

"Usinichekeshe, khaloo, itapasuka."

Halua ilipokwisha na Mwanamize kuondoka na sinia, Bi Mahbuba alimfuta binti yake midomo, akatoa picha, akaiegemeza kwenye boksi la tishu mbele ya macho yake.

"Mteule wako huyu. Mtizame vizuri, maana hana risiti ya kumrudishia dukani. Una hakika?"

"Mama, kazi yangu ni kutazama."

"Haya, kilichokupendeza nini?"

Balqis aliiinamia picha kadiri mito ilivyomruhusu. "Mdomo. Unataka kucheka lakini una adabu. Na macho yametulia, si ya mtu wa kugombana kwa sababu ya chumvi. Nilimpenda ulipomtoa tu."

Bi Mahbuba alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeshindwa kesi. Balqis aliisikia, na moyo wake ukaruka. Kumbe si Maan.

"Basi khalas," mama alisema kwa unyonge. "Kila mtu na riziki yake. Wacha nikapige simu, na nifukize udi."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Jikoni, Mwanamize alikuwa ameshawasha makaa ya chetezo. Bi Mahbuba alipokea pongezi za simuni kwa sauti ya chini.

"Mwenyewe, Mama Maan. Kwa kinywa chake, wala hakulazimishwa. Anausifu mdomo wake."

Alipokata simu, alitoa kifuani picha ya mwanamume aliyefumba mdomo, akailaza juu ya makaa, akainyunyizia udi.

"Mama," Balqis aliita kutoka chumbani, "kuna kitu kinaungua?"

"Udi tu, mwanangu. Kaa hapo hapo, usije ukaharibu hina."