Msindikizaji

Mzee Baltazar alijifanya kuchoka. Aliegemea jiwe, akahema kwa nguvu, akasema, "Tukae kidogo, mama. Jua la Balangida si mchezo."

Evelyne alikaa upesi, kana kwamba alikuwa anasubiri neno hilo tu. Roho ikamuuma mzee. Zamani binti yake huyu alikuwa akishindana mbio na mbwa katika mawe haya, na leo hata nusu ya mwinuko hawajafika anatafuta pa kukaa. Kusema kweli, mzee mwenyewe hakuhitaji kujifanya sana. Kifua kilikuwa kinambana, na mkanda wa suruali ulikuwa umeongezwa tundu jipya. Lakini baba gani atanenepa mwanawe akiwa katika hali ile?

Mbwa, Kamanda na Askari, walikuwa juu wanabwekea pimbi waliojificha kwenye nyufa. Huku chini nyika ilikuwa kavu, nyeupe kwa chumvi, na mawe yalipandana kama magunia ya mahindi stoo. Evelyne ndiye aliyeomba waje. Keshokutwa angeondoka kurudi Uswidi kwenye kazi yake ya kutunza wazee, na huko, alisema, theluji ilikuwa imefika magotini. Alitaka ayazunguke mawe na baba yake kwanza, wawili tu na mbwa wao, kama zamani.

Mzee hakuuliza kwa nini. Alijua. Hakuna aliyemwambia, ila alijua.

Wiki ya Krismasi Evelyne alilalamika tumbo. "Baba, nisindikize hospitali," alisema. "Naogopa kwenda peke yangu." Mzee Baltazar alikuwa hajakanyaga hospitali tangu siku mke wake, marehemu Marieta, alipotolewa humo amefunikwa shuka. Wanawe walishambembeleza wakachoka. Siku hiyo alivaa koti akapanda gari bila ubishi wowote.

Huko nesi akasema na msindikizaji naye apimwe, kwa wazee ni bure. Alikubali ili mwanawe asiogope. Wakamtoa damu, wakamlaza chini ya mashine ya picha, naye anawatania kwamba leo wamepata ng'ombe wa mnadani, wasisahau kumwangalia na meno. Kisha daktari akamwita Evelyne ndani, peke yake.

Hapo ndipo mzee alipochanganyikiwa. Huku kwao mgonjwa haambiwi. Ugonjwa mzito wanaambiwa ndugu, wao ndio wanaoubeba, na mgonjwa anadanganywa kwamba ni vidonda vya tumbo, vitapona. Kwa haki daktari angemwita yeye, baba mtu. Lakini mtoto amekaa Ulaya, na Wazungu, watu wanasema, humwambia mgonjwa kila kitu usoni. Bila shaka daktari alimchukulia kama mtu wa huko.

Evelyne alitoka na macho mekundu. "Ni gesi tu, Baba. Na wewe umepewa vidonge vya kuongeza nguvu."

Mzee hakuamini habari ya gesi hata kidogo. Tangu siku hiyo binti alikuwa anaacha chakula sahanini, anajifungia chumbani, anatoka amenawa uso. Mzee naye alimeza vile vidonge kila asubuhi ili kumridhisha, akaendelea kujifanya mjinga.

Sasa Evelyne alikuwa anachora mchanga kwa kijiti. "Baba, nikisema nisirudi? Nikae tu nyumbani."

Hivyo ndivyo wasemavyo wanaorudi kufia kwao, mzee aliwaza. Alitamani kumwambia kaa, mwanangu, nikuone kila siku. Lakini Uswidi kuna hospitali za maana, kuna madaktari, huenda wangemwokoa.

"Kazi haiachwi hivihivi. Nenda."

"Unanifukuza, Baba?"

"Nakuambia uende. Mimi nipo. Siendi popote."

Evelyne aligeuza uso haraka. Alisema anapanda juu kutafuta mtandao, ampigie kaka yake Hermani aliyeko Dongobesh. Akaupanda mwamba bila hata kushika kitu, mzee akabaki anamtazama kwa uchungu. Aliwahi kusikia kwamba wagonjwa hupata nguvu kidogo karibu na mwisho.

Chupa ya maji ilibaki chini. Mzee aliichukua akaanza kumfuata kwa upande wa kivuli, anasimama, anahema, anaendelea. Kamanda alishuka akaja kutembea naye. Walipofika chini ya jiwe la juu kabisa, akaisikia sauti ya binti yake, imejaa kilio, anaongea na simu.

"Hapana, kaka, hajui. Anaamini kabisa tumbo lilikuwa langu. Nisingejisingizia ugonjwa asingekanyaga pale." Akamsikiliza kaka yake. "Saratani yake imeshaenea, Hermani. Daktari anasema hata mavuno hatayafikia. Na yeye ananifukuza nirudi Uswidi. Nitamwachaje?"

Mzee Baltazar aliketi taratibu, mgongo kwenye jiwe, mbwa ubavuni. Mwanawe ni mzima. Akavua kofia, akaiweka gotini, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi akacheka, kimyakimya, akimshukuru Mungu.