Udhuru wa Mwalimu Pantaleo

Siku Mwalimu Pantaleo alipoondoka, aliacha koti lake kwenye kiti na kuomba ruhusa ya nusu saa.

Ulikuwa mkutano wa mwaka wa walimu wa takwimu, hapa Geita, wakati wa chai. Alitaka kumsalimia mdogo wake aliyekuwa anachimba dhahabu kwenye duara moja, shimo la wachimbaji wadogo, nyuma ya kilima. Katibu aliandika kwenye muhtasari: "Mwl. Pantaleo ametoka kwa ruhusa, saa 4:30." Alipaswa kurudi kutoa mada ya nne, jinsi ya kufundisha wastani kwa kutumia maharage. Saa tano kasoro duara likatitia. Watu walichimba siku tisa, wakampata mdogo wake. Yeye hawakumpata.

Muhtasari wa siku ile hauna saa ya kurudi.

Mkewe, Sesilia, ambaye walimu humwita Mama Ngusa, ndiye aliyekuwa anapika chai ya mkutano, na bado ndiye anayepika. Hana kaburi la kupalilia. Shuleni ameletwa mwalimu mwingine. Namba ya simu ya mumewe amepewa dalali wa dhahabu wa Katoro. Sesilia akipiga, dalali humjibu kwa adabu, "Siyo mimi, mama. Pole." Jina la Pantaleo limebaki mahali pamoja tu, kwenye daftari la wanachama, namba kumi na saba.

Na chama kina sheria moja isiyo na msamaha: asiyefika mkutanoni bila barua ya udhuru anafutwa.

Kwa hiyo mwaka uliofuata Sesilia aliandika barua. "Naomba udhuru, nimepata dharura." Akaiga saini ya mumewe, akaiacha mezani kwa katibu, katikati ya vikombe. Ikasomwa, ikapokelewa. Mwaka wa pili akafanya vilevile.

Safari hiyo ya pili, mwenyekiti alimfuata jikoni. Mwalimu Marwa alikuwa mtu mrefu asiyecheka, aliyewahi kurudisha ripoti nzima kwa sababu ya desimali moja.

"Mama Ngusa," alisema, "mwandiko wa Pantaleo umenyooka siku hizi. Zamani ulikuwa kama nyayo za kuku aliyefukuzwa."

Sesilia alimwaga chai kidogo. Marwa akachukua kikombe chake, akaondoka.

Mwaliko wa mwaka huu ulikuja na sentensi mpya: "Barua za udhuru zitahesabiwa mbele ya mkutano." Sesilia aliisoma mara tatu. Hata hivyo aliandika barua yake, akaikunja, akaificha kwenye kanga.

Asubuhi ya mkutano alikuwa anakoleza mkaa alipokuja Mwalimu Nuruddin, anayefundisha Nyasubi, kule Kahama. Alikuwa na kijidaftari.

"Mama Ngusa, kwao Pantaleo si Didia?"

"Ndiyo, Didia."

"Na mvua zikinyesha, barabara inapitika?"

"Kuna mahali haipitiki."

"Vizuri sana," alisema Nuruddin, akaandika.

Hajafika mbali, akaja katibu mwenyewe, binti anayeitwa Shamimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Eti Mwalimu Pantaleo alikuwa akiumwaumwa nini?"

"Tumbo. Akila maharage."

"Maharage? Si ndiyo mada yake?"

"Ya kuhesabu, mwanangu. Kula hakuyaweza."

Shamimu alitaka kucheka, akajizuia, akaandika. Nyuma yake walikuwa wamesimama walimu wawili wengine, kila mmoja na kalamu, kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari.

Sesilia akaelewa. Watu wa takwimu wakitaka kumnasa mtu hawapigi kelele. Wanakusanya ushahidi kidogo kidogo, wanaulinganisha, halafu wanakuuliza mbele za watu.

Yeye aibu angeivumilia. Lakini jina la Pantaleo lisomwe kwenye ukumbi ule ule kama jina lililoghushiwa? Afadhali lifutwe kimya kimya, kwa sheria, kama la mtu yeyote. Akaitoa barua kwenye kanga, akaisukuma chini ya sufuria ya chai. Ilishika moto haraka. Ilikuwa karatasi nzuri.

Walipofika ajenda ya pili, alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Udhuru," alisema Marwa. "Namba kumi na saba, Pantaleo. Ipo barua?"

Sesilia alitazama sakafu.

"Ipo, mwenyekiti," alisema Shamimu. Akafungua bahasha, akasoma: "Naomba udhuru. Naumwa tumbo. Nilikula maharage."

Hakuna aliyecheka.

"Ipo nyingine," alisema Shamimu.

"Soma."

"Naomba udhuru. Barabara ya Didia imekatika kwa mvua."

Ulikuwa mwezi wa nane. Geita ilikuwa haijaona tone tangu Mei.

"Soma nyingine."

"Naomba udhuru. Nasahihisha mitihani ya kidato cha pili, na wamefeli wengi."

"Nyingine."

"Naomba udhuru. Niko kwenye msiba, na tanga halijaanuliwa."

Alisoma mpaka sauti ikamkauka, akaomba maji. Sesilia akamletea chai. Mezani, karibu na kikombe, aliziona barua zilivyolala. Kila moja ilikuwa na saini ya Pantaleo, na hakuna mbili zilizofanana.

Marwa alisubiri katibu anywe.

"Jumla ya barua?"

"Thelathini na tisa, mwenyekiti."

"Wanachama waliomo ukumbini?"

Shamimu alihesabu vichwa kwa kidole, akianzia na cha mwenyekiti.

"Thelathini na tisa."

"Zinalingana," alisema Marwa. "Tuendelee."

Mwakani wanakutana tena Geita. Ratiba imeshatoka, na mada ya nne, ya maharage, ni ya Mwalimu Pantaleo.