Dumu la Mkojo wa Baba

"Lita mbili," daktari alisema, akiliangalia dumu la mafuta ya kula. "Na majibu ya maabara mazuri. Mzee, figo zako zinachuja vizuri. Rudi Butiama."

"Si nilikwambia, mama?" baba alimcheka bintiye Gati. "Ulikuwaga mwoga tangu utoto."

Gati aliinama kumvisha ndala. Mguu uliovimba ulikataa. Alipoondoa kidole gumba alichoubonyezea, shimo lilibaki kwenye ngozi, halikujaa.

Jana, kutwa kucha, mkojo wa baba walioagizwa kuukusanya kwa kipimo haukufika hata kikombe. Kwa huruma, asije mzee akafokewa na manesi, Gati alilijaza dumu kwa mkojo wake mwenyewe.

Baba alitoka peku, akiaga watu.

"Anayefuata!" daktari aliita.

Gati akaufunga mlango, yeye akiwa ndani, akamgeukia daktari.