Kadi ya Raya

Mtoto akitimiza miaka kumi na minane, mkutubi aliyemhudumia hufutiwa akilini kumbukumbu zote zinazomhusu mtoto huyo, ati siri za msomaji zilindwe. Bi Mwanaidi aliijua fika sheria hiyo, lakini hakumwamini mkutubi mwingine, akamwandikia binti yake Raya kadi ya maktaba kwenye meza yake mwenyewe.

Juzi Raya alitimiza umri huo.

Leo Bi Mwanaidi yuko jikoni anachambua mchele, akimtazama msichana mgeni anayejua kila kijiko kinapokaa. Picha ukutani zinasema ni mwanawe. Moyo unamuuma kwa hamu ya kitu asichokijua.

“Unapenda kusoma?” anamuuliza.

“Sana, mama.”

“Nani alikufundisha?”

Raya anainamia vyombo anavyoosha.

“Mkutubi mmoja,” anasema. “Alikuwa akinipakata.”